Tunaigeuza tamthilia ya wanawake wa vitongoji vya Afrika Kusini iwe ya Kiswahili, tumekwama kwenye neno moja

MamaKaranga (mleta uzi)

Habari za jioni wana jukwaa. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite.

Tuko akina mama tisa huku Temeke, wote wa biashara ndogondogo. Wawili mama lishe, mmoja mitumba, wengine mboga, mimi karanga na ubuyu. Kila Jumamosi jioni tunasogeza madawati ya darasa moja tuliloazimwa, tunafanya maigizo. Miaka miwili yote tumecheza visa vya kikoba na mawifi, watu wanacheka, wanatupa mia mbili mia mbili, tunarudi nyumbani.

Sasa binti wa mwenzetu, yuko chuo anasoma sanaa za maonyesho, katuletea andiko la tamthilia ya mwaka 1986, *Wathint' Abafazi, Wathint' Imbokotho*. Kikundi kilichoitengeneza kiliitwa Vusisizwe Players: waigizaji wanawake watatu, Thobeka Maqhutyana, Nomvula Qosha na Poppy Tsira, na mwongozaji wao Phyllis Klotz. Hakuna aliyejifungia chumbani akaiandika peke yake. Waliijenga mazoezini, huyu anasimulia, yule anaigiza, wanakataa, wanarudia. Yaani kama tunavyofanya sisi, ila wao walikuwa na akili ya kuandika kilichobaki.

Kisa chenyewe: Sdudla, Mambhele na Mampompo wanauza sokoni Cape Town. Kuna machungwa, kuna kuku, kuna maandazi ya kwao. Wanaita wateja, wanateta, wanaoneana wivu wa wateja, na humohumo yanatoka ya waume waliokwenda migodini, watoto walioachwa kijijini kwa bibi, kazi za ndani kwa Wazungu. Watu wote wengine wanachezwa na haohao watatu. Polisi wao, mume wao, mama mwenye nyumba wao.

Tulivyomaliza kuisoma mara ya kwanza, mama lishe wetu mmoja kauliza swali moja tu: "Mbona bei ya mafuta ya kula haijatajwa?" Nikajua imeingia.

Tatizo letu ni ile karatasi. Mtu mweusi alitakiwa atembee nayo, imeandikwa anaruhusiwa kukaa mjini au haruhusiwi. Tukiiita "pasi", mmoja anawaza ya mkaa ya kunyooshea nguo, mwingine anawaza Simba na Yanga. Tukiiita "kitambulisho", hakuna anayetetemeka, kila mtu siku hizi anakitafuta mwenyewe kwa udi na uvumba. "Hati ya kusafiria" ndiyo kabisa, inanukia Dubai. Na tamthilia nzima imening'inia kwenye hilo neno. Nisaidieni.

kijana_wa_pwani

Nimekaa paleee na kahawa yangu, nawasubiri wataalamu.

Mchuuzi wa Gikomba

Mama, salamu kutoka Nairobi. Hilo neno mnalo na hamjui kama mnalo. Ni KIPANDE.

Huku Kenya kuanzia mwaka 1920 hivi, kila mwanamume Mwafrika kuanzia miaka 16 alilazimika kuwa na kipande. Alama za vidole vyake, jina la mwajiri, siku alipoajiriwa, siku aliporuhusiwa kuondoka. Kama mwajiri hajatia sahihi ya kukuachilia na umeondoka, wewe ni mtoro, unakamatwa. Karatasi ilikaa ndani ya kikebe cha bati, kikebe kinaning'inia shingoni kwa uzi. Wakikuyu walikiita mbugi, ile kengele ya mbuzi. Babu yangu hakupenda kuvaa tai maisha yake yote, hata harusini kwa baba yangu. Tukimuuliza anasema shingo yake ilishafanya kazi ya kutosha.

Tofauti ni kwamba huku kipande kilikuwa cha wanaume. Kwa hiyo ukiwa na akina mama wanasema "wanataka kutuvisha kipande na sisi", msikilizaji wa Kiswahili ataelewa papo hapo uzito wake.

MamaKaranga

Mchuuzi, umenifanya nisimame nikatembea chumbani. "Wanataka kutuvisha kipande na sisi." Nimeshaiandika nyuma ya daftari la madeni.

MkosoajiHuru

Samahani, nitakuwa mwiba. Kwa nini tuchukue mambo ya Afrika Kusini ya mwaka 1986? Ubaguzi wa rangi umekwisha, tuna matatizo yetu. Penina Muhando aliandika *Nguzo Mama* mwaka 1982, wanawake wa kijiji cha Patata wanahangaika kusimamisha nguzo yao. Ni Kiswahili, ni ya nyumbani. Mnakwenda kuazima moto wakati jikoni kwenu kuna makaa.

Mwl_Pazia

Mkosoaji, Nguzo Mama naifundisha na naipenda, lakini hazifanyi kazi moja. Ile ni mfano mtupu kwa makusudi: nguzo, kijiji, Bi Msimulizi. Hii ya Cape Town inatoka upande wa pili, inaanza na sarafu mkononi. Mtu anaweza kula wali leo na ugali kesho.

Niongeze ya darasani kidogo, mnivumilie.

Vitongoji vya Waafrika kule vilikuwa na tamthilia zake zamani. Gibson Kente wa Soweto aliizunguka nchi na maigizo ya nyimbo na densi, kumbi za jumuiya zinafurika. Mle kulikuwa na watu waliozoeleka: mchungaji, polisi wa kuchekesha, mama mwenye kilabu cha pombe. Mwanamke alikuwepo jukwaani, ila mara nyingi kwa umbo hilo lililokwisha chongwa, mama wa kulia au mama wa pombe. Hawa wa mwaka 1986 walichofanya ni kumwacha mama wa sokoni ashike hadithi mwenyewe tangu mwanzo mpaka mwisho, na mwanamume ndiye aingie kama kichekesho. Mwaka huohuo ilitoka pia ya Gcina Mhlophe na wenzake, *Have You Seen Zandile?*, ya msichana anayechukuliwa kutoka kwa bibi yake Durban kupelekwa kwa mama yake kijijini Transkei, eneo walilotengewa Waxhosa. Naona si bahati mbaya.

Halafu jina. Mnalitafsirije? Wengi husema "umempiga mwanamke, umepiga mwamba". Nina wasiwasi na mwamba. *Imbokodo*, au *imbokotho* kwa Kixhosa, ni lile jiwe la mviringo linaloshikwa mkononi kusagia nafaka. Mwamba umekaa mlimani unasubiri mawimbi. Jiwe la kusagia liko kiganjani mwa mwanamke tangu alfajiri.

binti_Tandale

Mwalimu, kwa bibi yangu Kondoa jiwe la chini tuliliita mama na la juu mwana. Mwana ndiye anayetembea. Bibi alikuwa na sugu hapa chini ya kidole gumba, ngumu kama kwato, akikushika shavu inakwaruza.

MamaKaranga

Binti, hiyo sugu naomba niichukue. Nitamlipa bibi yako ubuyu.

Mkosoaji, nakujibu bila ugomvi. Tumeshacheza ya nyumbani. Tukicheza ya hapa mtaani, watazamaji wanaanza kutafuta nani kasemwa. "Huyo si mama fulani?" Igizo linageuka umbea na mwenye mume anatoka na kigoda chake. Ya mbali inawatuliza. Wanaangalia ya Sdudla kwa amani, kisha njiani kurudi ndiyo inawauma.

MkosoajiHuru

Hapo kwenye kigoda nimekubali. Hoja ya pili basi: yale maandamano ya wanawake ya mwaka 1956 yanayosimuliwa mle, mnajua hayakufanikiwa?

Mwl_Pazia

Haya, tuyaweke sawa. Tarehe 9 Agosti 1956 wanawake wapatao 20,000 walikwenda Pretoria, kwenye majengo ya serikali yaitwayo Union Buildings, kupinga wanawake Waafrika kubebeshwa hizo karatasi. Mbele yao Lilian Ngoyi, Helen Joseph, Rahima Moosa na Sophia Williams. Waziri mkuu Strijdom hakutokea. Waliacha marundo ya karatasi za malalamiko zenye sahihi, wakasimama kimya nusu saa, wanawake 20,000 na watoto mgongoni, kimya. Kisha wakaimba wimbo uliozaa jina la tamthilia hii. Wanawake walikuwa wakizikataa karatasi hizo tangu mwaka 1913 kule Bloemfontein, enzi za kiongozi wao Charlotte Maxeke.

Na ni kweli, hawakuzizuia. Kufikia mwaka 1963 kila mwanamke Mwafrika alilazimika kuwa nayo. Sheria zenyewe zilifutwa mwaka 1986, mwaka ambao igizo hili linatoka. Miaka thelathini. Kwa hiyo wanawake sokoni wanasimulia maandamano yaliyoshindwa huku karatasi ikiwa bado mfukoni. Mimi naona igizo lingekuwa jepesi zaidi kama yangefanikiwa.

Dada_wa_Joziburg

Nawasoma kutoka Johannesburg, niko huku mwaka wa kumi na moja, nauza vitenge.

Kitu kimoja mwalimu kakiruka: tarehe 9 Agosti 1956 ilikuwa ALHAMISI. Alhamisi ndiyo ilikuwa siku ya mapumziko ya wafanyakazi wa ndani. Mpaka leo Alhamisi mchana utawaona wamama wa *manyano*, umoja wa sala wa wanawake, na sare zao za kanisa, kila kanisa rangi yake. Zilikuwa zile saa chache za wiki ambazo hakuna anayekuita jikoni. Walioandaa walijua wakipanga Jumatatu hawatawapata. Mkiigiza, msiseme "siku moja". Semeni Alhamisi.

Na maandazi yao. Mnasema maandazi lakini *magwinya* hayana nazi wala iliki. Ni unga, hamira, chumvi, sukari ya kuonja tu, maji ya uvuguvugu, basi. Unga unakuwa laini, haukatwi kwa kisu wala kusukumwa, unachotwa kwa mkono uliolowa maji na kudondoshwa kwenye mafuta. Yanatoka duara yenye mikia. Yanaliwa na polony, ile soseji nene, au atchar, achari ya huku, mpanda teksi wa saa kumi na moja alfajiri ndiyo chai yake. Nikiyaona kwenye ndoo nyeupe yamefunikwa taulo, najua nimefika mjini.

Huku kitongoji wenyewe wanakiita *ilokishi*, vijana *kasi*. Msikigeuze uswahilini. Uswahilini mtu kajenga alipopata. Kule waliwekwa: nyumba zinafanana kama visanduku vya kiberiti, mbali na mji kwa makusudi, barabara za kuingilia chache ili zizibwe kwa urahisi.

kijana_wa_pwani

Kahawa imeisha, naongeza nyingine. Uzi huu unanikosesha usingizi.

MamaKaranga

Dada, asante mpaka mwisho. Nina swali hapohapo. Kwenye onyesho la polisi kuvamia sokoni, wenzangu wanataka tuweke mgambo. Kila mmoja wetu ameshakimbizwa na mgambo, hakuna haja ya kufundishana namna ya kushika sufuria la moto na kukimbia. Mimi mwenyewe mwaka juzi karanga zangu ziliishia mtaroni. Lakini moyo unakataa na sijui kwa nini.

Mwl_Pazia

Nadhani najua. Mgambo anafukuza beseni. Ukiliacha beseni ukakimbia, umebaki na Dar es Salaam yako, kesho utakopa utarudi. Yule polisi wa Cape Town hakujali machungwa, alimfukuza mtu mwenyewe. Sheria ilisema Mwafrika haruhusiwi kukaa mjini zaidi ya saa 72 isipokuwa amezaliwa hapo, au kafanya kazi kwa mwajiri mmoja miaka 10, au kakaa kihalali miaka 15. Na upande wa Cape ilikuwa mbaya zaidi kwa sababu kazi zilitengwa zianze kupewa wale walioitwa machotara. Mwanamke aliyemfuata mumewe mjini alipandishwa basi arudishwe Transkei. Wengi walirudi tena wiki hiyohiyo. Ukiweka mgambo, unalifanya jambo la kufukuzwa kwenye ardhi kuwa jambo la kufukuzwa barazani.

MzeeWaKariakoo

Mwalimu, nakuheshimu, ila umekwenda mbio. Umri wako nadhani hukuiona Nguvu Kazi.

Mwaka 1983, hapahapa Dar. Sheria ilipita kwamba kila mwenye uwezo afanye kazi, na asiyeonyesha kitambulisho cha kazi ni mzururaji. Wakapita na malori. Ukikutwa mtaani saa za kazi huna karatasi, unapanda, unapelekwa shamba au unarudishwa kwenu. Mama yangu alikuwa anakaanga vitumbua Mtaa wa Sikukuu. Kukaanga vitumbua haikuwa kazi, kwa maana hakuna aliyemwandikia karatasi. Alikaa ndani wiki mbili. Vitumbua tulikuwa tunauza sisi watoto, sahani imefunikwa kawa, tunagonga mlango kwa mlango kama watu wa pombe haramu. Siku lori lilipoingia mtaani kwetu alipanda juu ya dari na kikaango chake, maana alisema wakikuta kikaango cha moto watajua mwenyewe yupo.

Simaanishi ni kitu kimoja na ya Makaburu. Haikudumu, haikuangalia rangi, na sisi tuliweza kuicheka. Lakini usiwaambie akina mama wa Temeke kwamba huku mtu hajawahi kuulizwa karatasi ya kukaa mjini.

Mwl_Pazia

Mzee, shikamoo. Nimekaa chini.

MzeeWaKariakoo

Marahaba. Kaa, kuna nafasi.

binti_Tandale

Kikaango darini 😭

Mtoto wa Mazimbu

Nimechelewa. Mimi nimekulia Morogoro, jirani na Mazimbu, kulipokuwa na shule ya wakimbizi wa ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, tangu mwaka 1978, wakaiita jina la Solomon Mahlangu, mpiganaji wao kijana aliyenyongwa mwaka 1979. Mwaka 1992 wakaikabidhi kwa serikali yetu, sasa ni kampasi ya chuo kikuu cha Sokoine. Kulikuwa na kituo cha watoto na mama zao, nacho kilipewa jina la huyo Charlotte Maxeke mwalimu aliyemtaja.

Mama alikuwa anawauzia maandazi wale mabinti wa Soweto. Wakija kununua wanamwambia, mama, punguza sukari, toa iliki. Akawa anakaanga sinia mbili, moja ya Waswahili, nyingine aliyoiita "ya wageni". Mpaka leo nyumbani maandazi yasiyo na iliki yanaitwa ya wageni. Sikuwahi kujua ni magwinya mpaka nilipomsoma Dada wa Joziburg sasa hivi.

Kwa hiyo andikeni "maandazi ya wageni". Ooh, hapana, kule wao si wageni. Basi sijui. Nimejichanganya mwenyewe.

Dada_wa_Joziburg

Mtoto wa Mazimbu, umenitoa machozi katikati ya duka, mteja ananishangaa.

MkosoajiHuru

Swali la kisheria, msinirushie mawe. Mmeomba ruhusa ya kuigeuza?

MamaKaranga

Binti yetu wa chuo ameandika barua pepe kuulizia. Phyllis Klotz na Smal Ndaba walianzisha Sibikwa mwaka 1988 huko Benoni, kituo cha sanaa, ndiko tulikoanzia kuulizia. Mpaka tujibiwe, tunaifanyia mazoezi darasani kwetu na mlango umefungwa, hatumtozi mtu hata shilingi.

MamaKaranga

(Jumapili, mrejesho)

Wakuu, jana tumefanya. Nawapa ilivyokuwa.

Tumesema KIPANDE. Mchuuzi, mwanamke wetu wa mitumba alipofika pale "wanataka kutuvisha kipande na sisi", mkono wake ulikwenda shingoni wenyewe, hakuna aliyemwelekeza. Tumeuacha.

Mgambo tumemtoa. Polisi ni polisi, na anauliza karatasi tu, vitu havigusi. Mzee, umetupa jambo ambalo halimo kwenye andiko na sitaki kuliweka humo, si letu kuongeza. Lakini nilisimulia ya kikaango darini kabla ya kuanza, na mama lishe wetu mkubwa, ana miaka sitini na kitu, akasema kumbe. Akatuambia yeye mwaka ule alikuwa msichana tu, alipandishwa lori pale Ilala, akashushwa Kibaha, akarudi kwa miguu. Tumekaa naye miaka miwili kila Jumamosi. Hakuwahi kusema. Nikamuuliza kwa nini, akasema, "Mlikuwa mnaigiza mawifi."

Magwinya tumeyaacha yaitwe magwinya. Mtazamaji akiona unga unadondoshwa kwenye mafuta haulizi. Tulikaanga kweli, jiko la mkaa katikati ya darasa, madirisha yote wazi. Hapo ndipo niligundua kitu ambacho kusoma hakukunionyesha. Huwezi kusimama ukahutubia huku unakaanga. Anayeigiza Sdudla alikuwa anasimulia habari ya mtoto wake aliyekufa kijijini yeye hayupo, nikataka ainue uso atutazame, kama tulivyozoea kwenye maigizo ya huzuni, kitambaa machoni. Akakataa. Akasema yataungua. Akasimulia yote macho yako kwenye karai, anageuza moja, anasema neno, anageuza jingine. Anapofika pale penye jina la mtoto, akachuja mafuta, akaweka sahanini, akafunika. Ndipo akataja jina.

Sisi tuliokaa tukabaki kimya, ila mtoto wa mtu aliyekuja akauliza kama yanauzwa.

kijana_wa_pwani

Yanauzwa?

MamaKaranga

Mia mbili moja. Hayana iliki.